Mcheza kwao hutunzwa: Mbona wetu hutunzwa ugenini?

TAREHE 24 Machi, mwaka wa 2019, katika hafla kubwa iliyofanyika mjini Dubai, liliitwa jina la mwalimu wa shule ya kutwa ya mashambani. Mwalimu huyo alikuwa Bradha Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika Shule ya Sekondari ya Mseto ya Keriko. Shule hiyo imo katika eneo la Njoro, Kaunti ya Nakuru, kwenye kijiji kiitwacho Pwani ingawa hakuna bahari wala dalili ya bahari katika upeo wa macho. Alikabidhiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, inayotolewa na Wakfu wa Varkey, pamoja na dola milioni moja za Marekani. Walikuwa wamependekezwa au kujitokeza watu wapatao elfu kumi kutoka nchi 179, na tangu tuzo hiyo ianze kutolewa mwaka wa 2015 hakuna Mwafrika aliyekuwa ameitwaa kabla yake.

Wakenya tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alimpongeza kwa ujumbe wa video. Magazeti yakachapisha picha yake akiwa amevaa joho la utawa, na kwa siku kadhaa kila mzazi wa Nakuru akajiona ana sehemu yake katika sifa hiyo. Kisha mambo yakatulia, kama yatuliavyo mambo yetu yote, na walimu wakarudi kwenye chaki zao.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii haina tata: anayecheza ngoma mbele ya watu wake hutuzwa na watu wake, kwa kuwa wao ndio wanaoijua ngoma na ndio wanaofaidi uchezaji. Bradha Tabichi aliicheza ngoma yake Njoro, na akatunzwa Dubai. Swali ambalo ningependa walimu na wanafunzi wenzangu wa jana na wa leo walitafakari ni hili: kwa nini wataalamu wetu wanaogawa ujuzi wao kwa wenzao, hasa ujuzi wa sayansi na teknolojia, hutambuliwa kwanza na wageni ndipo nasi tuzinduke kupiga makofi?

Kabla ya kujibu, tuangalie kwa makini ni kitu gani hasa kilichotuzwa. Wengi hukumbuka kwamba mwalimu huyu alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia maskini. Hilo ni tendo kubwa la huruma, lakini huruma peke yake haifundishi fizikia. Keriko ilikuwa shule yenye tarakilishi moja tu na mtandao wa intaneti wa kubahatisha. Wanafunzi 58 walimtegemea mwalimu mmoja. Wengi wao walitoka katika jamaa fukara, na takriban theluthi moja walikuwa mayatima au wenye mzazi mmoja. Baadhi yao walitembea kilomita saba kufika shuleni, kwa njia zisizopitika wakati wa masika. Katika hali hiyo, mwalimu alikwenda kwenye vibanda vya saiba, akapakua masomo na picha, akazihifadhi, kisha akarudi nazo darasani ili watoto waone kwa macho yale ambayo kitabu kiliwaeleza kwa maneno tu.

Hakuishia hapo. Pamoja na walimu wenzake alianzisha chama cha kukuza vipaji na kukitia nguvu chama cha sayansi, na jioni na mwishoni mwa juma akawa anawafunza hisabati na sayansi wanafunzi waliokuwa nyuma, nje ya saa za kazi. Alianzisha pia chama cha amani, kwa maana shule ile ilikuwa na watoto wa makabila saba, katika eneo ambalo lilikuwa limeonja uchungu wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Matunda yalionekana. Mwaka wa 2018 wanafunzi wa Keriko walishiriki Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, ambayo walimu wa zamani wanayakumbuka kwa jina la Kongamano la Sayansi, wakiwa na kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu. Shule hiyo ya kutwa iliongoza kitaifa miongoni mwa shule za umma. Timu yake ya hisabati ilifuzu kwenda kushindana Arizona, Marekani, mwaka wa 2019. Wengine walipata tuzo kutoka kwa chama cha kemia cha Uingereza kwa kubuni namna ya kupata umeme kutokana na mimea ya kwao.

Msomaji makini atatambua kwamba kilichotuzwa Dubai si tarakilishi, kwani ilikuwa moja. Si maabara, kwani haikuwa ya kujivunia. Kilichotuzwa ni tabia ya mtu kukataa kuufungia ujuzi wake kabatini.

Wala Bradha Tabichi si wa kwanza. Mwezi wa Januari mwaka wa 2008, wakati Nakuru na Naivasha zilipokuwa zikiwaka na watu wakikimbia na magodoro vichwani, vijana wachache, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, waliunda programu iliyowawezesha wananchi kutoa habari za ghasia na kuonyesha kwenye ramani mahali zilipotokea. Waliiita Ushahidi, neno ambalo wasomaji wa safu hii hawahitaji kufasiriwa. Wangeweza kuifunga programu hiyo kwa kufuli na kuiuza. Badala yake waliiacha huria, ili yeyote duniani aichukue, aibadilishe na aitumie. Mwaka wa 2010, baada ya tetemeko la ardhi kuiangamiza Haiti, programu iliyozaliwa katika machungu ya Bonde la Ufa ilitumiwa kuonyesha walikokuwa watu waliohitaji kuokolewa. Mwaka wa 2013 shirika hilo lilipewa tuzo na Wakfu wa MacArthur wa Marekani.

Vivyo hivyo kwa Bi Dorcas Muthoni, mtaalamu wa tarakilishi aliyesomea Chuo Kikuu cha Nairobi. Alianzisha kampuni yake akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, lakini hakutosheka na biashara. Mwaka wa 2004 alishiriki kuanzisha AfChix, chama cha kuwaelekeza wasichana na wanawake wa Afrika katika fani ya tarakilishi, fani ambayo wanaume waliiona kuwa boma lao. Mwaka wa 2014 aliingizwa katika orodha ya heshima ya watu waliochangia kukua kwa intaneti duniani. Orodha hiyo haitungwi Nairobi, wala Nakuru.

Basi tunao mfululizo: tuzo ya Dubai, tuzo ya Marekani, orodha ya heshima ya kimataifa. Sisemi kwamba wageni wamekosea. La hasha! Wao wametenda haki, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ninachouliza ni vipi sisi, tuliokaa na watu hawa chumba kimoja cha walimu, tukanywa chai nao wakati wa mapumziko, hatukuona.

Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba utaratibu wetu wa kazi hauhesabu ugawaji wa ujuzi kuwa kazi.

Niruhusiwe kutoa kisa kimoja. Miaka mingi iliyopita nilipata kufundisha katika shule moja ya eneo hili, ambayo sitaitaja. Mfadhili alituletea tarakilishi nne. Mwalimu mmoja tu ndiye aliyejua kuzitumia, na yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba. Kila tulipomwomba atufunze, alikuwa na shughuli. Mitihani ya muhula yote ilipigwa chapa na yeye, orodha za alama zilitoka kwake, na hata mwalimu mkuu alibisha hodi kabla ya kuingia mle chumbani. Ikafika siku akahamishwa. Tarakilishi zile zililala. Tulizifunika kwa vitambaa vya maua, na kwa mwaka mzima zikawa kama wazee wagonjwa wanaosalimiwa na kupitwa.

Wakati huo nilimlaumu sana mwenzangu yule kwa uchoyo. Leo, nikiwa na umri wa kutazama nyuma, simlaumu vile. Yeye alielewa jambo ambalo sisi hatukulielewa: katika shule ile, ujuzi wake ulikuwa ndio kinga yake pekee. Ungemwepusha na zamu za usiku, ungemletea heshima ya mkuu, na pengine barua ya kumpendekeza. Lau angetufunza sote, angebaki kuwa mwalimu kama wengine, na hakuna mahali popote ambapo ingeandikwa kwamba fulani amewafunza wenzake kumi na wanane. Tulimlipa kwa kuficha, naye akaficha. Mtu huvuna alichopanda, na shule huvuna kile inachokitunza.

Walimu watanikumbusha kwamba siku hizi ipo fomu ya kutathmini utendakazi, ile ya TPAD iliyoanzishwa na Tume ya Huduma za Walimu, na kwamba ndani yake mnatajwa ubunifu na maendeleo ya kitaaluma. Ni kweli. Lakini nani asiyejua jinsi sehemu hizo zinavyojazwa? Aghalabu hujazwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho, kwa maneno yaliyonakiliwa kutoka kwa jirani, almuradi nafasi isibaki tupu. Mwalimu aliyekaa Jumamosi tatu akiwaonyesha wenzake namna ya kuandaa majaribio ya fizikia kwa betri kuukuu na nyaya za redio mbovu, na mwalimu aliyebuni uongo wa sentensi mbili, hupata alama zilezile. Fomu isiyotofautisha baina ya hawa wawili haijatathmini chochote.

Sasa tutazame upande wa pili. Je, eneo letu halijapata kuonja faida ya ujuzi uliogawanywa? Limeonja, tena kwa namna ambayo kila mwanafunzi wa Nakuru anapaswa kuijua.

Katika Njoro hiyohiyo kipo kituo cha utafiti wa mimea ambacho kimeshughulika na ngano kwa vizazi kadhaa. Mwaka wa 1998 iligunduliwa nchini Uganda aina mpya ya ugonjwa wa kutu ya shina, ambao huishambulia ngano na kuiacha mabua yasiyo na nafaka. Wataalamu waliupa jina la Ug99. Ugonjwa huo ulivuka mpaka ukaingia kwetu, na dunia nzima ikaingiwa na hofu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ngano iliyokuwa mashambani haikuwa na kinga dhidi yake. Mwaka wa 2005 wataalamu, akiwemo Norman Borlaug aliyepata kutuzwa Nishani ya Nobel ya Amani, walikutana Nairobi kutafuta la kufanya. Njoro ikachaguliwa kuwa uwanja wa majaribio. Tangu hapo mbegu kutoka nchi nyingi, za Asia, Marekani na kwingineko, zimekuwa zikiletwa Njoro, zikipandwa na kuambukizwa kutu kwa makusudi, ili ijulikane ipi inasimama na ipi inaanguka. Matokeo hurudishwa kwa waliozileta, na mbegu zilizo bora husafiri baina ya Njoro na Mexico kwa ajili ya kuendelezwa. Kwa njia hiyo wakulima wetu wenyewe walipata aina kama Robin na Eagle 10.

Fikiria, ndugu msomaji, kama kila nchi ingeficha mbegu zake na kila mtafiti angekalia daftari lake. Kutu isingesubiri. Kutu haiombi pasipoti mpakani.

Tuteremke sasa hadi Naivasha. Kule Olkaria, mwaka wa 1981, ulianza kuzalishwa umeme kutokana na mvuke wa ardhini, kwa mtambo wa kwanza wa megawati 15. Wahandisi wetu wa siku zile walikuwa wanafunzi. Wengi walipelekwa Iceland, kisiwa cha baridi na volkeno, ambako tangu mwaka wa 1979 palikuwa na mafunzo ya nishati hiyo chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizopeleka watu wengi zaidi. Wasomi hao waliporudi hawakukalia vyeti vyao. Kuanzia mwaka wa 2005 mafunzo mafupi yakaandaliwa papa hapa Kenya, kandokando ya Ziwa Naivasha, na wanasayansi kutoka nchi nyingine za Afrika wakaja kujifunza kwetu. Baadaye wahandisi wa kampuni ya KenGen walikwenda Ethiopia na Djibouti kuchimba visima vya mvuke. Mwanafunzi wa jana amekuwa mwalimu wa leo, na hakuna aliyepungukiwa.

Katika vijiji vyetu, kabla ya kiberiti kuwa kitu cha kawaida, mtu ambaye moto wake ulizimika usiku aliamka alfajiri na kigae mkononi, akaenda kuomba kaa kwa jirani. Jirani alitoa kaa lake, na jiko lake halikupoa. Jioni mambo yakigeuka, yeye naye alijua pa kubisha hodi. Ujuzi ni moto wa namna hiyo. Kijiji ambacho kila mtu anafunika jiko lake, siku moja kitalala njaa chote.

Wapo watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba mwenye kutoa kwa moyo hahitaji kutuzwa, na kwamba tuzo huharibu nia njema. Hoja hii ina uzito, na hasa inawapendeza wale wasiotaka kutoa tuzo. Lakini heshima si ujira. Mwaka wa 1993 kituo cha utafiti cha CERN, kilichoko Uswisi, kilitangaza kwamba teknolojia ya wavuti iliyobuniwa na Tim Berners-Lee ingetumiwa na watu wote bila malipo. Hakudai ada kwa kila aliyeitumia. Dunia ilimpa heshima nyingi baadaye, na heshima hizo hazikumgeuza kuwa mlafi. Zilichofanya ni kuwaonyesha vijana kwamba njia ya utoaji haina mwisho wa aibu. Mwaka mmoja baada ya Bradha Tabichi, tuzo ileile ya Mwalimu Bora ilikwenda kwa Ranjitsinh Disale wa India, naye akatangaza kwamba nusu ya fedha zake angewagawia wenzake tisa waliofika fainali pamoja naye. Mtu aliyezoea kugawa ujuzi hakushindwa kugawa fedha.

Wa pili watasema kwamba tuzo huleta husuda katika chumba cha walimu. Hili nalo si uongo. Dawa yake lakini si kuacha kutuza. Ni kutuza kwa haki na kwa ushahidi, wala si kwa kujuana. Kipimo kiwe wazi: nani alifunzwa, alifunzwa nini, na je, yule aliyefunzwa leo anaweza kuifanya kazi hiyo bila mwalimu wake kusimama karibu? Wenye kutoa ushahidi wawe ni wale waliofaidika, wala si mkuu peke yake. Walimu wanane wa kemia kutoka shule za jirani wakisema fulani alitusaidia, nani atadai kwamba ni upendeleo?

Wa tatu, na hawa ndio ninaowaheshimu zaidi, watasema kwamba sifa zinaweza kuwa kisingizio. Taifa linaweza kumpigia makofi mwalimu mwenye tarakilishi moja, likamfanyia sherehe, likampiga picha, halafu likamwacha na tarakilishi ileile moja. Hapa sina la kubisha. Ni kweli kabisa kwamba ushujaa wa mwalimu mmoja haupaswi kuwa pazia la kufichia uzembe wa wengi. Shule ambayo mwalimu wake analazimika kwenda saiba kutafuta somo ni shule ambayo mtu fulani, mahali fulani, hakutimiza wajibu wake. Heshima na vifaa lazima viende sambamba, kama ng'ombe wawili wa plau.

Hata hivyo, vifaa vyenyewe navyo vimetupa fundisho. Mwaka wa 2016 Serikali ilianza kusambaza vishikwambi kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza, zaidi ya milioni moja kwa jumla. Ulikuwa mpango wa fedha nyingi. Lakini katika shule nyingi vifaa hivyo vilifungiwa stoo, ama kwa hofu ya wezi, ama kwa sababu aliyefunzwa kuvitumia alihamishwa na hakuwa amemfunza mwingine. Kifaa bila mjuzi ni mzigo, na mjuzi mmoja bila wanafunzi wa rika lake ni kisima kisicho na kamba.

Tulikwisha kujaribu njia nyingine, na haifai kuisahau. Mwaka wa 1998, kwa msaada wa Japani, ulianza mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, uliojulikana kwa jina la SMASSE. Ulianzia katika wilaya tisa, na mwaka wa 2003 ukaenea nchi nzima. Wazo lake lilikuwa rahisi: wachache wafunzwe Nairobi, wao wawafunze wenzao wa wilayani, na hao wawafunze walimu wa kila shule wakati wa likizo. Walimu walijifunza kufanya majaribio kwa vifaa vya kujitengenezea wenyewe, kwa chupa, mishumaa na mirija ya soda. Mradi huo ulikuwa na manung'uniko yake, hasa kuhusu marupurupu na kupoteza likizo, na manung'uniko hayo yalikuwa na msingi. Watu waliombwa kutoa muda wao na kurudi nyumbani bila hata barua ya shukrani. Wazo lilikuwa jema. Kilichokosekana ni kutambua kwamba mwalimu anayemfunza mwalimu mwenzake anafanya kazi maradufu.

Nipendekeze basi mambo machache ambayo hayahitaji dola milioni moja.

Kwanza, Tume ya Huduma za Walimu ihesabu kazi ya kuwafunza wenzako kuwa sababu kamili ya kupandishwa cheo, kwa uzito ulio sawa na vyeti na matokeo ya mitihani, na ushahidi wake utoke kwa walimu waliofunzwa.

Pili, Serikali ya Kaunti ya Nakuru, ambayo makao yake yamekuwa jiji tangu Desemba 2021, itenge siku moja kwa mwaka ya kuwaheshimu wataalamu waliogawa ujuzi: mwalimu wa fizikia, fundi wa karakana ya chuo cha ufundi aliyewaachia vijana siri ya mashine yake, mhandisi wa Olkaria anayetembelea shule, mtafiti wa ngano anayewapokea watoto shambani. Cheti, mkono wa heri na jina kusomwa hadharani mbele ya watu wake vinatosha kuanzia. Mcheza kwao atunzwe kwao.

Tatu, Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho kilianza kama shule ya kilimo mwaka wa 1939 na ambacho ni jirani wa Keriko, pamoja na vyuo vingine vya eneo hili, vifungue maabara zao kwa walimu wa shule za kutwa angalau siku moja kila muhula. Si haki mtoto wa Njoro aione maabara ya kisasa mara ya kwanza akiwa safarini kwenda kushindana ng'ambo.

Nne, kila shule ijiwekee desturi kwamba hakuna ufunguo wa chumba cha tarakilishi wala neno la siri linalokaa kwa mtu mmoja. Anayepewa mafunzo kwa fedha za umma arudi na kuwafunza wenzake wasiopungua watatu kabla mwezi haujaisha. Hili halihitaji waraka kutoka Nairobi. Linahitaji mwalimu mkuu mwenye msimamo.

Kwenu wanafunzi, nina neno moja. Msidhani kwamba mambo haya yanawahusu wakubwa tu. Katika kila darasa yupo yule aliyeelewa mlinganyo wa hesabu kabla ya wenzake, na yupo yule anayejua kuandika programu ndogo za tarakilishi huku wengine wakihangaika kuiwasha. Mwanafunzi huyo hujaribiwa kufunika daftari lake kwa kiganja, akiogopa kupitwa katika mtihani. Kumbukeni kwamba kule Keriko watoto wa makabila saba walikaa pamoja, katika kijiji ambacho wazazi wao walikuwa wamejionea ghasia, wakaunda kifaa kimoja kwa mikono mingi. Lau kila mmoja angefunika daftari lake, hakuna ambaye angefuzu kwenda Arizona.

Na kwenu walimu, ambao safu hii inawaheshimu daima, niseme tu kwamba ninajua uchovu wenu. Ninajua pia kwamba yumo miongoni mwenu, leo hii, katika shule fulani ya Kuresoi au Subukia, Gilgil au Rongai, mwalimu anayebaki baada ya kengele kumwonyesha mwenzake jambo ambalo chuo hakikumfunza. Huenda hatawahi kwenda Dubai. Tusingoje mgeni aje kutuambia jina lake. Kesho asubuhi, wakati wa gwaride, mwalimu mkuu wake anaweza kulitaja mbele ya shule nzima, na haitamgharimu hata senti.